"USIMLAZIMISHE MGONJWA KULA": HADITHI NILIYOIWEKA PASIPO MAHALI PAKE



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu, wiki hii niliahidi tuendelee na darsa letu la haki za jirani. Naomba mniwie radhi, darsa hilo litasubiri. Juzi baada ya Isha dada mmoja alinitumia ujumbe, na ujumbe ule umeninyima usingizi.

Mumewe ana saratani ya shavu kwa ndani. Yuko wiki ya tatu ya tiba ya mionzi. Mdomo umejaa vidonda, mate yamekuwa mazito kama gundi, na kwa siku nne hajapitisha kitu zaidi ya vijiko vya maji. Wauguzi wamewaambia awekewe mpira wa kulishia kupitia puani. Mgonjwa hataki. Shemeji yake, mtu wa swala tano, naye kasema wamwache, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekataza kumlazimisha mgonjwa kula. Dada akaniuliza: "Sheikh, nikimbembeleza nitakuwa nimefanya dhambi?"

Nilimjibu usiku uleule, na jibu langu mtalikuta mwishoni. Lakini kwanza ninayo ya kusema juu ya nafsi yangu, kwa sababu swali hilo niliwahi kuulizwa miaka kadhaa nyuma, na nililijibu vibaya.

MZEE WETU WA ADHANA

Msikiti wetu hapa Dar es Salaam ulikuwa na muadhini mmoja mtu mzima. Jina silitaji, na familia yake nimewaomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Watu wa mtaa walizoea kuamka kwa sauti yake. Sauti ikaanza kukwaruza. Tukasema ni mafua, tukasema ni vumbi, tukamletea asali na tangawizi. Ilipopita miezi akaenda hospitali, ikaonekana ni saratani ya koo. Akapangiwa tiba ya mionzi, mara 35, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki saba.

Wiki mbili za mwanzo alikuwa akitoka kwenye tiba anakuja kuswali Adhuhuri na sisi. Wiki ya tatu akapungua kuja. Wiki ya nne mkewe akaja nyumbani kwangu, akakaa barazani na mke wangu, akaniita. Akasema: "Sheikh, mwenzangu hali. Nikimpa uji anasema unawaka moto. Hospitali wanataka kumtia mpira puani, naye anasema mpira ni wa mtu anayekufa. Nimlazimishe?"

Mimi nikajiona msomi. Nikamtajia hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alitukataza kuwalazimisha wagonjwa wetu kula na kunywa, kwani Mwenyezi Mungu ndiye anayewalisha. Nikamwambia: "Mama, usimtese. Msomee Qur'ani, mpe kombe, mpe zamzam, mengine mwachie Mola." Yule mama akainuka ametulia. Alikuja na wasiwasi wa haki, mimi nikauzima.

Mzee alianza tiba na kilo 61. Wiki ya sita alikuwa na kilo 50. Barakoa ya plastiki waliyomtengenezea ili kichwa kisitikisike wakati wa mionzi ikawa inampwaya. Akazidiwa, akalazwa kwa kukaukiwa maji, na tiba ikasimama karibu wiki mbili. Baadaye aliimaliza, lakini ugonjwa ukarudi. Alifariki kabla mwaka haujazunguka. Mwenyezi Mungu amrehemu, ailaze roho yake mahali pema.

Sisemi kwamba njaa peke yake ndiyo iliyomuua. Ajali ya kila mtu imeandikwa, na wapo waliokula vizuri nao wakaondoka. Ninachosema ni kwamba niliulizwa jambo nisilolijua, nikalijibu kwa jambo ninalolijua. Nilikuwa naijua hadithi na siyajui maradhi. Sikumuuliza hata swali moja dogo: amekula lini mara ya mwisho?

NILIKWENDA KUULIZA, KWA KUCHELEWA

Baada ya arobaini nilimtafuta mtaalamu wa lishe anayehudumia wagonjwa wa saratani, nikakaa mbele yake kama mwanafunzi wa chuo. Nayaandika hapa niliyoelezwa, kwa sababu wengi wetu tunadhani kukosa kula ni dalili tu ya ugonjwa, kama homa.

Mionzi ya kichwa na shingo huchoma uvimbe, lakini inapita kwenye ngozi laini ya kinywa na koo. Kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu vidonda huanza. Tezi za mate hupungukiwa, mdomo unakauka. Ladha inapotea, nyama inakuwa kama karatasi na chai kama chuma. Taya linaweza kukaza. Na jambo ambalo familia nyingi hazilijui: vidonda havikomi siku tiba inapokwisha. Mara nyingi wiki moja au mbili baada ya mionzi ya mwisho ndizo ngumu kuliko zote. Ndugu wanapiga vigelegele kuwa amemaliza, wanarudi kwenye shughuli zao, naye ndipo anapohitaji kusaidiwa zaidi.

Kwa hiyo mgonjwa huyu si sawa na mwenye homa aliyekosa hamu kwa siku mbili kisha anaomba ugali. Huyu wetu ana njaa, lakini mlango umefungwa. Mwili wake nao unajijenga upya kila siku kwa kazi kubwa, ukikosa chakula unajila wenyewe, hata misuli.

Kisha akanieleza lililonikata maini. Mionzi hupangwa siku kwa siku ili uvimbe usipate nafasi ya kupumua. Tiba ikisimama, seli za saratani zinazaliana upya. Katika saratani za kichwa na shingo, kila siku inayoongezeka kwenye muda uliopangwa hupunguza uwezekano wa kuushinda uvimbe kwa takriban asilimia 1, wakati mwingine zaidi. Na miongoni mwa sababu kubwa za tiba kusimama ni mgonjwa kudhoofika kwa kukosa chakula na maji. Hata pasipo kusimama, mtu akikonda sana uso na shingo hubadilika, barakoa inalegea, na vipimo vya mionzi huenda vikahitaji kupangwa upya.

Akanitajia utafiti uliofanywa Ureno na Paula Ravasco na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005. Wagonjwa 75 wa saratani ya kichwa na shingo waligawanywa makundi matatu ya watu 25. Wa kwanza walipewa ushauri wa lishe wa mtu mmoja mmoja, kwa chakula chao cha kawaida. Wa pili waliongezewa vinywaji vya virutubisho. Wa tatu waliachwa wale wanavyoweza. Miezi mitatu baada ya tiba, waliokuwa wamebaki na ulaji mzuri ni wale wa kundi la kwanza. Kilichowafaa zaidi ni mtu wa kukaa nao na kuwauliza: unakula nini, kinapita wapi, kinauma wapi, tukibadilishe vipi?

Nilitoka pale nikiwa na fikra moja ambayo sijaiacha mpaka leo: kwa mgonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo, chakula ni sehemu ya tiba. Anayemkatisha tamaa asile ni sawa na anayemwambia asiende kwenye mashine.

TUIRUDISHE HADITHI MAHALI PAKE

Sasa tuzungumze elimu, kwa sababu najua kuna mtu tayari anaandika kwenye maoni: "Sheikh unaipinga hadithi?" Audhubillah. Siipingi. Nasema niliiweka pasipo mahali pake.

Kwanza, wanazuoni wa hadithi wametofautiana juu ya nguvu ya sanad yake. Lakini tuichukue kuwa inafaa kutumika. Inakataza nini? Inakataza kulazimisha, yaani kumshika mtu mdomo na kumsukumizia tonge asilolitaka. Haikukataza kumbembeleza, wala kulainisha chakula, wala kutafuta njia nyingine. Ibnul Qayyim alipoifafanua katika mlango wa tiba ya Mtume hakusema mgonjwa aachwe mikono mitupu. Alitaja kumpa vitu vyepesi vya kuhifadhi nguvu zake, vinywaji laini na supu ya kuku wachanga.

Pili, tunayo sunna nyingine ambayo kwenye misikiti yetu haitajwi hata robo ya inavyotajwa ile. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) habari ya talbina, uji laini wa shayiri. Alikuwa akiamrisha mgonjwa na aliyefiwa wapikiwe, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa. Na tazama busara ya mama yetu: katika Bukhari imekuja kwamba yeye mwenyewe alikiri kuwa kitu hiki mgonjwa hakipendi, lakini kinamfaa. Hakusema "hakipendi, basi mwacheni". Alijua anachukia, na bado akaagiza sufuria iinjikwe.

Hapo ndipo ulipo mpaka, ndugu zangu. Usimlazimishe, lakini usimwache. Kati ya mambo hayo mawili kuna kazi kubwa ya mikono, ya jikoni na ya subira, na sisi wahubiri tumewafanya watu waione kama haipo.

Tatu, kumbukeni kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapasuliwa kichwa na jiwe. Akapatwa na janaba, akauliza kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema wale ndio waliomuua, na akawafundisha kuwa asiyejua tiba yake ni kuuliza. Waliofutu walikuwa watu wema, tena walikuwa na dalili mkononi: maji yapo. Walichokosa ni kulitazama jeraha.

Kila nikisoma kisa hiki namwona yule mama barazani kwangu.

"UKIMLISHA UNAILISHA SARATANI"

Liko jingine linalosambazwa kwenye simu zetu, hata na watu wenye vilemba: kwamba saratani inakula sukari, basi mgonjwa anyimwe uji, wali, tende na maziwa, abaki na majani na maji ya ndimu, uvimbe utakufa kwa njaa. Wengine wanamhimiza afunge mfululizo katikati ya mionzi.

Ndugu yangu, kila seli ya mwili inatumia sukari, ya ubongo na ya moyo pia. Ukimnyima mgonjwa chakula, mwili unavunja misuli yake kutengeneza sukari hiyohiyo. Uvimbe hauna adabu ya kusubiri zamu, unachukua chake kwanza. Anayekufa kwa njaa ni mgonjwa. Mwenye kisukari ana mpango wake na daktari wake, huo ni mlango mwingine.

Na ndimu, jamani, kwenye mdomo wenye vidonda! Hata habbasoda, ambayo fadhila yake imethibiti katika hadithi sahihi, haikusemwa iwe badala ya matibabu, wala haikusemwa isagwe imwagwe kwenye koo lililochubuka. Kombe na ruqya endeleeni navyo, nami nasoma. Lakini kombe halina protini. Msomee mgonjwa wako, kisha mpe uji.

MPIRA WA KULISHIA SI SANDA

Hofu kubwa ya watu wetu ni mpira. Wanauona kama ishara ya mwisho, kwa sababu wengi waliowaona nao walikuwa mahututi. Lakini kwa mgonjwa wa mionzi mara nyingi mpira ni wa kupita tu, ni daraja la kuvukia wiki zile mbaya. Wa puani hutumika ikitarajiwa haja ya wiki chache, kama nne hivi. Ikitarajiwa muda mrefu zaidi, huwekwa mwingine mwembamba tumboni kwa upasuaji mdogo. Mdomo ukipona, mpira unatolewa.

Miaka miwili baada ya mzee wetu, alikuja bibi mmoja kutoka Pemba kutibiwa hapa Dar es Salaam, akafikia kwa mwanawe jirani na msikiti. Naye akaukataa mpira kwa maneno yaleyale: "Huo wa mtu anayekata roho." Safari hii nilikwenda na mke wangu, sikuagiza salamu. Nikamwambia: "Mama yangu, ukifunga safari ya jahazi ukaumwa mkono, si utamwachia mwenzio akushikie kamba mpaka mkono upone?" Akanitazama, akanyamaza. Kesho yake akakubali. Alilishwa kwa mpira wiki saba, akamaliza mionzi yake yote pasipo kuruka hata siku moja. Alipungua kilo tatu tu. Idi iliyopita mwanawe alinitumia picha yake ana bakuli la bokoboko mkononi.

Anayelishwa kwa mpira aendelee kumeza chochote anachoweza kwa usalama, hata vijiko vichache vya maji, na afanye mazoezi ya kumeza anayofundishwa, maana misuli ya koo isipotumika inasahau kazi yake. Wakati wa kulishwa aketi au ainuliwe kichwa na kifua, asilazwe chali, na abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima baadaye. Mpira usafishwe kwa maji safi kabla na baada. Msipitishe kitu chochote ambacho wauguzi hawajawaelekeza, kwa sababu uji mzito au dawa isiyosagika huuziba.

Na kisheria? Wanazuoni wametofautiana kama kutumia dawa ni wajibu au ni sunna. Lakini kula kiasi cha kuiokoa roho hawakutofautiana kuwa ni wajibu kwa mwenye uwezo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametukataza kujitupa wenyewe kwenye maangamizi. Mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kuelezwa, kuuliza na kuamua, na hatumfungi kamba. Lakini asiamue kwa hofu ya uongo tuliyomtia sisi.

JIKONI: MAMBO MACHACHE YA KUSHIKA

Mtu wa kilo 60 katika tiba hii anahitaji kwa makisio kalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku, na protini gramu 60 hadi 90. Yai moja lina protini kama gramu 6, na glasi ya maziwa kama 8. Kwa hiyo supu nyepesi tunazopeleka kwenye chupa za chai, hata ikiwa ni ya kongoro, zinajaza tumbo bila kumfikisha anakotakiwa. Fanyeni hivi:

1. Uji uwe na kitu ndani. Utieni maziwa, siagi ya karanga iliyo laini, yai lililopikika vizuri ndani yake, au tui la nazi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na kinateleza.

2. Vyakula vyetu laini ndivyo dawa. Bokoboko lililopondeka sana, mtori, parachichi na maziwa, ndizi mbivu iliyosagwa, mtindi kama haumchomi, tende zilizolowekwa zikasagwa na maziwa, samaki asiye na mwiba aliyesagwa na mchuzi wake. Pilipili, ndimu, siki, tangawizi na chumvi nyingi viwekwe kando.

3. Kidogo kidogo, mara sita au nane kwa siku. Bakuli kubwa linamvunja moyo. Kiwe vuguvugu au baridi, si cha moto.

4. Dawa ya maumivu itangulie. Kama daktari amempa, anywe kwa wakati uliopangwa, mara nyingi kama nusu saa kabla ya kula. Wapo wanaoikataa mofini ya maji wakisema ni kilevi. Iliyoandikwa na daktari kwa ajili ya maumivu haina dhambi. Maumivu ndiyo yanayofunga mdomo.

5. Kinywa kisafishwe mara nyingi kwa siku. Maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, asukutue kabla na baada ya kula. Mswaki uwe laini sana. Mti wa mswaki ni sunna tukufu, lakini kwenye fizi zenye vidonda unachubua. Apumzike nao mpaka apone, na nia yake inahesabiwa.

6. Apimwe uzito kila wiki. Akipungua kilo moja au zaidi kwa wiki, mwambieni mtaalamu, msisubiri nguo zianze kumvuka.

7. Akikohoa au kupaliwa kila anapomeza, akipata homa, mkojo ukiwa mweusi na mchache, au akishindwa hata maji kwa siku nzima, ni hospitali siku hiyohiyo. Na aliyekaa siku nyingi bila chakula msimjaze ghafla nyumbani kwa pupa. Mwili wake unaweza kushtuka, aanzishiwe taratibu chini ya uangalizi.

MASWALI YA IBADA

Swaumu: chakula kinachopita kwenye mpira ni chakula, kinafunguza. Mgonjwa huyu amepewa ruhusa na Mola wake katika Suratul Baqara. Akitarajiwa kupona atalipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kuweza tena atatoa fidia. Asijione duni Ramadhani ikimkuta na mpira. Aliyempa ruhusa ndiye aliyeifaradhisha swaumu.

Udhu: katika madhehebu ya Imam Shafi kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna, kwa hiyo mwenye mpira puani asihangaike kuutoa. Plasta iliyoushika ina hukumu ya bandeji, na ngozi iliyoungua ikidhuriwa na maji ina hukumu yake. Mpigieni mwalimu wenu awaelekeze hatua kwa hatua, ni jambo jepesi.

Sauti: aliyepotewa na sauti asome kwa kadiri ulimi na midomo inavyoweza. Mzee wetu wa adhana alikuwa akilia kwa hili. Nilimwambia Mola anasikia hata isiyotoka. Hilo angalau nililijibu sawa.

NENO KWA MAIMAMU WENZANGU NA KAMATI ZA MISIKITI

Wagonjwa wa mionzi kutoka Tanga, Lindi, Mtwara, Unguja na Pemba wanakuja hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na wengi wanakaa wiki saba kwenye chumba cha ndugu ambaye naye ana watoto wake. Wengine wanakosa nauli ya kwenda kwenye tiba kila siku. Tiba ikipatikana, maziwa yanakosekana.

Sisi tunawazuru na machungwa na soda. Machungwa yanawachoma, soda inawakera. Nimewahi kuona mgonjwa amezungukwa na mifuko saba ya zawadi, na hakuna hata moja inayopita kooni. Zuru na trei ya mayai, maziwa, na saa moja ya muda wako kumpikia na kumpumzisha anayemuuguza.

Zaka ya mali ina fungu la mafakiri na masikini. Mgonjwa aliyeacha kazi miezi mitatu, asiye na kitu, ni mmoja wao. Mkabidhini mkononi mwake, ajinunulie maziwa na nauli. Mashine ya kusagia ya kuazimana mtaani, au sufuria la uji wa pamoja, hivyo vitoke kwenye sadaka. Msikiti wetu umenunua mashine mbili. Nyumba inayoihitaji inachukua, ikimaliza inaiosha na kuirudisha. Ni jambo dogo, na hatukuhitaji mfadhili.

Na ninyi mnaoulizwa maswali: kabla hujataja hadithi yoyote kwa mtu mwenye mgonjwa, muulize amekula lini, amepungua kilo ngapi, na hospitali wamesema nini. Ukishajibiwa, ndipo ufungue mdomo. Tumepewa heshima kubwa na watu hawa. Mama mmoja alivuka daktari, muuguzi na wanawe wote, akaja kuchukua neno langu, na neno langu likawa zito kuliko yao wote. Siku ya Kiyama nitaulizwa juu ya uzito huo.

Sasa jibu nililompa yule dada: "Hufanyi dhambi, dada yangu, unafanya ibada. Siku nne ni nyingi. Msisubiri Ijumaa, kesho asubuhi mpelekeni. Mumeo mwambie mpira ni wa wiki chache, na nipe simu niongee naye mwenyewe. Shemeji yako mpe namba yangu." Shemeji alipiga. Tulizungumza kwa muda mrefu, na nikamsimulia habari ya mzee wetu wa adhana. Jana wamenijulisha kuwa mgonjwa amekubali, na anaendelea na tiba.

Nani kati yenu ana mgonjwa wa aina hii nyumbani? Msifiche. Ulizeni hospitali mapema, kabla hata ya mionzi ya kwanza, juu ya lishe na juu ya meno yake. Na aliyewahi kulitoa jibu kama langu, amwombe Mola msamaha na arekebishe alipokosea, mlango wa toba uko wazi.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu wote. Walainishie koo zao, warudishie ladha na sauti zao. Wape nguvu wanaowauguza usiku na mchana. Mrehemu muadhini wetu, na utusamehe tuliyoyasema bila elimu. Amin.

Sambaza ujumbe huu kwa mwenye mgonjwa, na kwa imamu wako pia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.